Lori likichemsha mlimani, usiulaumu mlima

Lori likichemsha huku linavuta tela, wa kwanza kulaumiwa ni mlima, wa pili ni jua. Lakini mlima huo huo lilikuwa linaupanda lilipokuwa jipya, na mzigo huo huo, na mshale wa geji ya joto hautikisiki. Kilichobadilika ni uwezo wa injini kutupa joto. Uwezo huo hupungua kidogo kidogo kwa miezi bila mtu kuona, kwa sababu barabara tambarare haiudai wote. Mlima ndio unaoudai wote kwa mpigo. Ndiyo maana gari lenye rejeta iliyoziba nusu hutembea tambarare siku nzima bila neno, halafu likafukuta kwenye mlima wa kwanza.

Tupige hesabu kidogo, maana ukiijua hii, mengine yote yatakaa mahali pake. Chukua lori na tela lake, jumla tani 40, linapanda mwinuko wa asilimia 6, yaani kila mita 100 za barabara linainuka mita 6. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kuinua uzito huo peke yake kunataka karibu kilowati 196. Matairi yanavyobiringika yanaongeza kama kilowati 20. Injini nzuri ya dizeli hugeuza takriban asilimia 40 ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Inayobaki ni joto: fungu kubwa hutokea kwenye eksozi, na fungu jingine kubwa huingia kwenye maji yanayozunguka bloku na hedi. Kwa kazi ya ukubwa huu, joto linaloingia kwenye maji ni kilowati 100 na zaidi. Kilowati 100 zinatosha kuyachukua maji lita 20 yenye nyuzi 25 na kuyachemsha kwa dakika moja tu na sekunde chache. Hilo ndilo joto ambalo rejeta inapaswa kulitupa hewani, dakika baada ya dakika, mpaka kileleni.

Sasa punguza mwendo kutoka 30 hadi 20. Kilowati 196 zinashuka hadi 131. Mzigo wa joto umepungua kwa theluthi, na hujafungua hata nati moja. Tutarudi kwenye usukani baadaye.

Kabla ya kuigusa injini, hakikisha haibebeshwi kazi isiyo yake. Breki ya tela inayokamata kidogo, au matairi yenye upepo pungufu, huongeza mzigo ambao haumo kwenye karatasi za mizani. Endesha kilomita kadhaa bila kushika breki sana, simama, pima habu zote kwa kipimajoto cha miale. Habu moja ikiwa na joto la juu kuliko wenzake wa ekseli ile ile, breki inakamata au beringi inakufa. Yote mawili yanataka kushughulikiwa kabla ya safari ijayo.

Anza na hewa, si maji

Watu hukimbilia kufungua kifuniko na kutazama maji. Mimi ningeanza na hewa, kwa sababu ukaguzi wake hauhitaji kumwaga kitu, na kwa sababu lori linalopanda kwa kilomita 20 halipati upepo wa maana wa mwendo. Karibu hewa yote inavutwa na feni. Chochote kinachoizuia hewa hiyo, hata kidogo, kinaonekana kwenye geji.

Mbele ya rejeta kuna intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), na mbele ya intakula kuna kondensa ya kiyoyozi. Hewa hupita kwenye zote kwa zamu. Ukisimama mbele ya lori unaona uso wa kwanza tu, na ukiwa safi unaridhika. Uchafu unaoua gari haukai pale. Fungua bolti za juu za intakula, ivute mbele sentimita chache, kisha mulika tochi katikati. Mara nyingi utakuta kitu kama blanketi jembamba la kijivu: manyoya ya nyasi, mabawa ya wadudu na vumbi, vyote vimeshikana kwa ukungu wa oili unaotoka kwenye pumulio la injini, vimelala sawasawa juu ya mapezi ya rejeta hata huoni mirija. Ukilibandua kwa kidole linatoka kipande kizima, kama kitambaa. Hewa haipiti hapo, na hakuna kulanti (maji ya kupozea injini) ya aina yoyote itakayoliponya gari hilo.

Oshea kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume na njia ambayo uchafu uliingilia. Ukioshea kutoka mbele unausukuma uingie ndani zaidi. Injini iwe imepoa. Kwenye oili, pulizia sabuni ya kuondoa grisi, iache dakika 10 bila kukauka, kisha suuza kwa maji ya kawaida ya mpira. Ukitumia mashine ya presha, simama umbali wa nusu mita au zaidi, na shikilia mkono mnyoofu, kwa sababu maji yakipiga kwa pembeni yanalaza mapezi, na pezi lililolala ni sawa na ukuta. Usitumie dawa yenye kostiki soda, hula alumini. Ukimaliza, weka taa nyuma ya rejeta usiku: mwanga unapaswa kupenya sawasawa pande zote. Penye giza, rudia.

Halafu angalia mipira na sponji za pembeni zinazoziba nafasi kati ya rejeta, intakula na bodi. Hizi huvunjika au hutolewa wakati wa matengenezo na hakuna anayezirudisha, kwa kuwa zinaonekana kama mapambo. Kazi yake ni kuzuia hewa ya moto ya chumba cha injini isirudi mbele ya rejeta na kuvutwa tena. Zikikosekana, feni inaizungusha hewa ile ile iliyokwisha kupata joto. Kava la feni nalo ni hivyo hivyo. Likipasuka au likikosa kipande, feni inavuta hewa ya karibu yake badala ya kuivuta kupitia uso wote wa rejeta. Nafasi kati ya ncha za feni na kava iwe ndogo na sawa kuzunguka kote, kama milimita 25 hivi au chini yake, na mapanga yawe yameingia ndani ya kava kwa karibu nusu ya upana wake au zaidi. Feni ikiwa imelila kava upande mmoja, usibadilishe kava peke yake. Mipira ya injini imelegea na injini imekaa upande. Taa za ziada, vibao na vyuma vinavyofungwa mbele ya grili navyo huziba njia ya hewa. Vinavyoziba sehemu ya katikati, iliyo mbele ya feni, viondolewe.

Klachi ya feni

Hiki ndicho kifaa ninachokishuku kwanza gari linapochemsha mlimani tu na tambarare liko sawa. Malori mengi yana klachi ya majimaji mazito ya silikoni. Mbele yake kuna springi ndogo ya metali mbili inayohisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Hewa ikipata moto, springi inajikunja, inafungua vali, silikoni inaingia kwenye mifereji, na feni inashikana na injini. Silikoni ikivuja au springi ikifa, feni inaendelea kuzunguka, na ukichungulia unaona inazunguka, lakini inateleza. Haivuti hewa inayotosha.

Dalili zake si ngumu. Michirizi ya mafuta yenye vumbi kutoka katikati ya klachi kwenda nje maana yake silikoni inavuja. Injini ikiwa imezimwa, zungusha feni kwa mkono: lazima uhisi uzito. Ikizunguka raundi nyingi yenyewe kama gurudumu la baiskeli lililoinuliwa, imekwisha. Shika ncha ya panga na ulitikise mbele na nyuma. Likicheza sana, beringi ya klachi imechoka na siku moja feni itaingia kwenye rejeta. Jaribio kubwa zaidi ni la sikio. Lori linapopanda na joto likikaribia nyuzi 95 hivi, feni iliyoshika hutoa mngurumo mzito ambao huwezi kuukosa. Mshale umepanda na mngurumo haujasikika? Feni haijashika.

Klachi za upepo na za umeme zina ugonjwa wake: bomba la upepo linalovuja, solenoidi iliyokufa, waya uliokatika, au sensa ya joto isiyotuma amri. Klachi nyingi zina bolti za kuifunga moja kwa moja wakati wa dharura, na ni vizuri kujua kwenye lori lako ziko wapi kabla hujazihitaji. Lakini usiifunge ukaiacha hivyo kwa miezi. Feni kubwa iliyoshika muda wote inakula nguvu nyingi ya injini na mafuta yake, na injini haipati joto lake la kazi asubuhi.

Upande wa maji

Mchanganyiko unaofaa kwa dizeli nyingi ni nusu glaikoli (kemikali ya kulanti) na nusu maji safi yasiyo na chumvi, kama yale ya betri. Kuna wanaomimina glaikoli tupu wakidhani ndiyo nguvu zaidi. Si kweli. Kilo moja ya maji hubeba kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi moja. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hubeba kama 3.4, na glaikoli tupu hubeba pungufu ya hapo. Ukiongeza glaikoli kupita kiasi unapunguza uwezo wa kubeba joto. Unachopata kwa nusu kwa nusu ni kiwango cha kuchemka kilichopanda, karibu nyuzi 107 bila presha, pamoja na kinga dhidi ya kutu.

Wanaotumia maji matupu kwa sababu kwao hakuna barafu wanasahau hiyo kinga. Dizeli nyingi nzito zina slivu (mirija ya chuma ambamo pistoni hucheza) zinazoguswa na maji moja kwa moja kwa nje. Kila pistoni inapobadili mwelekeo inaigonga slivu, na slivu inatetemeka kama kengele. Mtetemo huo unatengeneza viputo vidogo vya mvuke kwenye ngozi ya nje ya slivu, na kila kiputo kinapopasuka kinadonoa chuma. Slivu iliyoliwa hivi ukiitoa inaonekana safi upande mzima, isipokuwa mstari mmoja wa vishimo vidogo, kama mtu amepita na sindano. Kimoja kikitoboa hadi ndani, maji yanaingia kwenye oili. Dawa zilizomo kwenye kulanti ya magari mazito hutandaza utando mwembamba juu ya chuma, na utando huo ndio unaodonolewa badala ya slivu. Dawa huisha, hivyo pima kwa vijiti vya majaribio kila unapofanya sevisi, na uongeze kwa kipimo cha mtengenezaji tu. Zikizidi nazo huganda na kuziba. Rangi ya kulanti haikuambii aina yake. Soma maelezo kwenye kopo, na usichanganye aina mbili.

Kifuniko cha rejeta ndicho kitu kidogo kinachopuuzwa kuliko vyote. Kifuniko cha bar 1 hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji matupu hadi kama nyuzi 120, na cha mchanganyiko hadi karibu 129. Springi yake ikilegea, nyongeza hiyo yote imekwenda. Ukipanda sehemu za juu mambo yanakuwa mabaya zaidi: kila mita 300 za mwinuko hushusha kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi moja. Kwenye mita 2,400 maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, na hilo ni joto la kawaida kabisa la injini inayofanya kazi. Mfumo ukikosa presha, slivu nazo huliwa haraka, kwa kuwa viputo vinapata nafasi ya kuzaliwa. Injini ikiwa ya moto, bomba la juu linapaswa kuwa gumu ukilibana kwa kitambaa kinene. Likiwa laini, presha haipo. Injini ikipoa na ukakuta mipira imebonyea kama imenyonywa, vali ndogo ya kurudisha hewa kwenye kifuniko haifanyi kazi. Kifuniko kibadilishwe, hakitengenezwi.

Mpira wa chini uko upande unaonyonywa na wota pampu. Ukiwa mlaini, au springi ya ndani ikiwa imeoza, unabonyea injini inapopiga resi na maji yanakatika. Dalili yake: joto hupanda ukikanyaga, hushuka ukiachia. Mtu mmoja apandishe mzunguko hadi 2,000 huku mwingine akiutazama akiwa mbali na feni. Belti nayo ikaguliwe. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya nafasi ndefu. Belti ya kawaida ishuke kama milimita 10 hadi 13. Inayong'aa pembeni kama imepakwa vanishi inateleza hata ikiwa imekazwa. Kwa wota pampu yenyewe, tazama tundu dogo chini ya shafti. Alama ya kulanti iliyokauka hapo ni sili ya kuzuia maji inayoaga.

Kuna kipimo kimoja kinachotenganisha kosa la maji na kosa la hewa, na inasikitisha kwamba hakitumiki mara nyingi. Funga sensa mbili za joto, moja kwenye bomba la juu la rejeta na nyingine kwenye la chini, zifunike kwa sponji, vuta waya hadi kabini, kisha panda mlima na mzigo. Tofauti ya kawaida ni kama nyuzi 6 hadi 10. Tofauti ikifika 20, maji yanapita polepole: tafuta pampu, belti, mpira uliobonyea, thamostati (vali inayofungua njia ya rejeta maji yakipata moto) isiyofunguka yote, au mirija iliyoziba. Tofauti ikiwa ya kawaida au ndogo huku mabomba yote mawili yanaendelea kupanda kwa pamoja, maji yanazunguka vizuri ila hewa hailichukui joto: rudi kwenye feni na mapezi. Kwa mirija iliyoziba, pitisha kipimajoto cha miale juu ya uso wa rejeta gari likiwa la moto. Joto linapaswa kushuka taratibu kutoka maji yanakoingia hadi yanakotokea. Kiraka cha baridi katikati ni mirija isiyopitisha maji.

Thamostati haitolewi

Naomba hili lieleweke, kwa sababu linaua injini nyingi zinazodhaniwa zimesaidiwa. Gari linachemsha, fundi anatoa thamostati, anafunga mfuniko bila kitu ndani, na kwa siku mbili linaonekana limepoa. Thamostati ya dizeli nyingi ina sahani mbili. Sahani ya juu inapofungua njia ya rejeta, ya chini inaziba njia ya mkato ambayo maji hurudi nayo kwenye injini bila kupita rejetani. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi milele. Tambarare utaona baridi ya kupita kiasi: oili nzito, moshi, slivu zinazolika. Mlimani, sehemu ya maji inakimbilia njia rahisi, hairudi kwenye rejeta, na gari linachemsha kuliko lilivyokuwa.

Ipime badala ya kuitupa. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha taratibu. Namba iliyopigwa juu yake, kwa mfano 82, ndiyo nyuzi za kuanza kufunguka. Kufikia nyuzi 10 au 12 juu ya hapo iwe imefunguka yote. Injini yenye thamostati mbili, badilisha zote mbili kwa pamoja.

Viputo kwenye tanki la kulanti huwafanya watu wainue hedi mara moja. Ni kweli gasketi ya hedi ikianza kupitisha, huonekana kwenye mzigo kwanza, kwani hapo ndipo presha ya silinda inapokuwa kubwa. Mpira wa juu kuwa mgumu ndani ya dakika moja baada ya kuwasha injini ya baridi ni dalili nzito. Lakini lori la breki za upepo lina kompresa, na kompresa nyingi hupozwa kwa maji yale yale ya injini. Gasketi ya kompresa ikipasuka, inasukuma upepo kwenye maji na kuiga kabisa dalili za gasketi ya hedi. Washa injini, tazama viputo, halafu kanyaga breki mara kadhaa ili kompresa ianze kujaza. Viputo vikija kompresa inapojaza na vikikata inapoachia, kosa ni la kompresa na hedi haina hatia. Vikiendelea bila kujali, tumia kipimo cha dawa ya kugundua gesi ya eksozi kwenye maji, kile kinachobadilika rangi yake ya buluu.

Hewa ya kuchoma mafuta

Joto halizaliwi kwenye maji, linazaliwa kwenye silinda. Filta ya hewa iliyoziba, mpira wa intakula uliochanika, au klampu iliyolegea huinyima injini hewa, na mafuta yaleyale yakichomwa na hewa kidogo hutoa gesi ya moto zaidi. Moshi mweusi ukipanda mlima ni ushahidi. Paka maji ya sabuni kwenye viungo vya mabomba ya turbo, injini ipandishwe resi, na usikilize: mlio wa kupuliza, au povu linalofura, ndipo penye uvujaji. Nozeli zinazodondosha na pampu iliyofunguliwa mafuta zaidi ili lori liwe na nguvu vina matokeo yale yale. Nguvu ya ziada inayopatikana hivyo inalipwa na pistoni.

Anayevuta mizigo mizito mara kwa mara afunge geji ya joto la eksozi, na sensa ikae kabla ya turbo. Kwa dizeli nyingi, usikae juu ya nyuzi 700 kwa muda mrefu. Faida yake kubwa ni wepesi: joto la eksozi hupanda kwa sekunde, la maji kwa dakika. Geji ya maji inapokuambia, kosa limeshafanyika zamani.

Kwenye usukani

Shusha gia mapema, kabla mlima haujaikamata injini. Wota pampu na feni vyote vinazungushwa na injini, hivyo mzunguko wa 1,700 badala ya 1,200 unaongeza maji na hewa kwa karibu asilimia 40. Kuisukuma injini kwenye gia kubwa huku inaunguruma chini ni kuipa mafuta mengi kwa kila pigo wakati pampu na feni zimelala. Kaa karibu na juu ya eneo la kijani la geji ya mzunguko, kisha punguza mguu hadi mwendo ushuke na mshale utulie. Mguu nusu kwenye gia ndogo hupanda mlima wowote, polepole. Acha umbali na lori la mbele usivute hewa yake ya moto. Zima kiyoyozi, kwa sababu kondensa inamwaga joto lake mbele ya rejeta. Kwa giaboksi ya otomatiki, chagua gia ndogo kwa mkono ili konveta (kiungo cha majimaji kati ya injini na giaboksi) ijifunge. Ikiteleza inachemsha oili ya gia, na oili hiyo ikipita nyuzi 120 inaanza kuharibika.

Mteremko nao huchemsha, na wengi hawautarajii. Ritada ya majimaji (breki ya kusaidia mteremkoni) inageuza uzito unaoshuka kuwa joto na kulimwaga kwenye maji yale yale ya injini. Tani 40 kwenye mteremko wa asilimia 6 kwa kilomita 30 ni zaidi ya kilowati 170 za kupunguzwa. Ukishuka kwa gia kubwa na mzunguko mdogo, pampu haisukumi maji yanayotosha, na ritada inajipunguza yenyewe katikati ya mteremko, pale unapoihitaji. Shuka na gia ndogo, mzunguko uwe juu ndani ya mpaka wa injini, na uanze na breki ya injini, ambayo joto lake kubwa hutokea kwenye eksozi. Ritada iwe ya kuongezea.

Mshale ukishapanda kupita kiwango, punguza mguu, shusha gia, fungua hita ya kabini kwa moto wote na feni yake. Hita hutoa kilowati chache tu, lakini chache hizo hutosha kukufikisha pa kusimama. Ukisimama, kama maji bado yapo, usizime. Weka gia huru, shikilia mzunguko wa 1,000 hadi 1,200 na uutazame mshale. Mshale ukishuka, iache injini itulie dakika 3 hadi 5, turbo nayo ipoe, ndipo uzime. Mshale ukiendelea kupanda, au ukiona maji yanamwagika, zima papo hapo. Na kuna dalili moja ya hatari kuliko zote: mshale uliokuwa juu ukaanguka ghafla hadi baridi huku lori lina mzigo. Injini haijapoa. Maji yameisha, na sensa inapima mvuke. Zima.

Kifuniko kisiguswe mpaka injini ishuke chini ya nyuzi 50, uweze kuweka kiganja kwenye bomba la juu bila kukiondoa. Kifungue robo, sikiliza, kisha chote. Usimimine maji ya baridi kwenye bloku ya moto, hedi hupasuka. Washa injini kwanza, iache isilensa (izunguke polepole bila kukanyagwa), mimina taratibu kwa mkondo mwembamba, hita ikiwa wazi ili hewa iliyonaswa kwenye mirija yake itoke, na fungua skrubu ya kutolea hewa mpaka maji yatoke bila viputo. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya maziwa, lori livutwe, lisiendeshwe. Ikiwa safi, endesha kilomita chache bila mzigo mzito, acha injini ipoe kabisa, na uangalie kiwango tena, kwa sababu hewa iliyobaki ndani hutoka mara ya pili na kiwango hushuka.